Kumsoma Zarifa kutoka Qurayyat

Katika Sayyidat al-Qamar, riwaya ya Jokha Alharthi iliyotoka kwa Kiarabu mwaka 2010, mwanamke mtumwa anajifungua mtoto wa kike. Mwandishi anatutajia siku yenyewe, tarehe 25 Septemba 1926, na papo hapo, bila kupandisha sauti, anatuarifu kwamba siku hiyohiyo mjini Geneva mataifa yalikuwa yakitia saini mkataba wa kuukomesha utumwa. Mtoto yule ni Zarifa. Wino wa Geneva ulikauka, na Zarifa akakua mtumwa, akauzwa akiwa msichana, akawa mwanamke wa bwana wake, akaozwa mume ambaye hakumchagua, akamlea mtoto wa bwana kama wake. Sijui kejeli nzito kuliko hiyo katika fasihi ya Ghuba niliyoisoma, na uzito wake unatokana na kwamba mwandishi haielezi. Anaziweka tarehe mbili ubavu kwa ubavu kama mtu awekavyo vikombe viwili mezani, kisha anaendelea na hadithi.

Riwaya hii ilifasiriwa kwa Kiingereza na Marilyn Booth kwa jina la Celestial Bodies, na mwaka 2019 ikawa ya kwanza kutoka lugha ya Kiarabu kupata tuzo ya kimataifa ya Man Booker. Tangu hapo imehakikiwa sana, na wahakiki wengi wamewatazama wale dada watatu, Mayya, Asma na Khawla, na ndoa zao. Ni haki yao. Kitabu kinaanza na Mayya mbele ya cherehani yake. Lakini msomaji wa Kiswahili, hasa anayeisoma akiwa Omani, hawezi kumpita Zarifa kwa wepesi huo. Zarifa ni jamaa yetu wa aina fulani, na suala la ni jamaa wa aina gani ndilo lililonifanya niandike.

Nimeisoma mara ya pili nikiwa Qurayyat, na mahali pana neno la kusema katika usomaji huu. Qurayyat ni mji wa wavuvi ulioko baina ya Sur na Maskati, wenye ngome yake karibu na soko, hori lenye mikoko, na mnara mdogo juu ya mwamba baharini. Katika vitabu vya historia hutajwa zaidi kwa mwaka 1507, Afonso de Albuquerque alipoushambulia na kuuchoma, na watu wake wakawakata mateka pua na masikio. Baada ya hapo mji hurudi kuwa nukta ya kupitwa tu. Lakini kupitwa nako ni historia. Jahazi lililotoka Unguja au Kilwa na upepo wa kusi, likaizunguka Ras al-Hadd na kushusha baadhi ya watu Sur, halikuwa na njia nyingine ya kufika Maskati wala pwani ya Batina isipokuwa kupita mbele ya mnara huu. Walioketi chini ya staha waliipita Qurayyat bila kuiona. Mji wa al-Awafi anamoishi Zarifa ni wa kubuni na uko bara, mbali na maji. Hata hivyo ukoo wake riwaya inaufuata hadi Afrika, na hakuna anayetoka Afrika hadi bara la Omani bila kupita pwani hii.

Basi nilijikuta nikikisoma kitabu cha Alharthi pamoja na kitabu kingine, kidogo, cha zamani, ambacho wengi wetu tumekisikia kuliko tulivyokisoma: Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapwa London mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa mtumwa aliyekombolewa. Anasimulia misafara kutoka bara, soko, jahazi, kisha manowari ya Waingereza inayolikamata jahazi, na hatimaye Freretown, kijiji cha wamisionari karibu na Mombasa, ambako waliokombolewa walipewa viwanja, shule na kanisa. Kitabu hiki kimeshutumiwa, na shutuma nyingi ni za haki. Mwarabu wa Mbotela ni katili bila mabaki, Mwingereza wake ni mwema bila doa, na historia nzima inatembea kuelekea bendera moja. Aliyetaka kuonyesha jinsi fasihi ya enzi ya ukoloni ilivyomshukuru mkoloni hakuwa na haja ya kutafuta mfano mwingine.

Hata hivyo nadhani tumekifunga kitabu hicho mapema mno. Tazama jina lake. Mwaka 1934, neno "uhuru" lilikuwa bado halijapandishwa kwenye majukwaa ya siasa. Tulilizoea baadaye katika mikutano ya hadhara, katika mienge, katika sherehe za 1961 na 1963, hata likasahau lilikotoka. Kwa Mbotela uhuru ni kinyume cha kumilikiwa na mtu mwenye jina na nyumba, anayeweza kukuuza kesho. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya neno hili kwa mababu wa wengi wetu. Katika mazungumzo ya kila siku tumebaki na kivuli chake katika neno "ungwana", ambalo zamani lilikuwa cheo cha asiyekuwa mtumwa na sasa ni adabu tu. Wasikilizaji wa redio nchini Kenya watakumbuka kwamba Leonard Mambo Mbotela, mwana wa mwandishi huyu, aliwauliza watu kwa miaka mingi hewani: je, huu ni ungwana? Mjukuu wa mtumwa akiliuliza taifa zima swali hilo. Sina hakika kama wasikilizaji walilisikia lote lililokuwamo ndani yake.

Freretown ilipewa jina la Bartle Frere, na hapa historia mbili zinashikana mkono. Frere ndiye mjumbe aliyetumwa na serikali ya Uingereza mwaka 1873 kwa watawala wawili waliokuwa ndugu wa baba mmoja, wana wa Sayyid Said bin Sultan: Barghash wa Unguja na Turki wa Maskati. Barghash alikataa, na hakutia saini hadi tarehe 5 Juni, baada ya Frere kuondoka, pale balozi John Kirk alipomfikishia tishio la kufungiwa kisiwa kwa manowari. Turki alitia saini mnamo Aprili. Mwaka ni mmoja, mjumbe mmoja, na maandishi yanakaribiana. Kisha njia zikaachana. Unguja soko lilifungwa, mwaka 1897 hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria, wenye watumwa wakalipwa fidia, na mtumwa akatakiwa aende mwenyewe kuomba. Masuria walitengwa hadi 1909. Maskati mkataba ulizuia biashara, haukugusa umiliki. Aliyekuwa mtumwa ndani ya Omani alibaki mtumwa, na ikachukua hadi mwaka 1970, baada ya Sultan Qaboos kushika utawala, utumwa kupigwa marufuku. Baina ya saini ya Turki na siku hiyo ni miaka 97. Zarifa alizaliwa katikati.

Kwa nini njia ziliachana? Jibu la kawaida ni kwamba Waingereza walikuwa na nguvu zaidi Unguja kuliko bara la Omani, ambako maimamu na makabila hawakumtii hata sultani. Ni kweli, lakini si yote. Mwanahistoria Matthew Hopper, katika Slaves of One Master (2015), ameonyesha jambo ambalo mhakiki wa riwaya hii hana budi kulijua: mnamo nusu ya pili ya karne ya 19 tende za Omani, hasa aina ya fardhi, zilipata soko kubwa Marekani, na lulu za Ghuba zikapata soko Ulaya na Marekani pia. Mitende ilihitaji mikono ya kuinywesha maji na kupanda kuichavusha. Vyombo vya lulu vilihitaji wapiga mbizi. Mikono hiyo iliibwa Afrika ya Mashariki, na baadaye Baluchistan. Yaani katika miaka ileile manowari zilipokuwa zikiyawinda majahazi, mlaji wa tende wa New York alikuwa akiyaita. Kisha Marekani ikaanza kupanda mitende yake huko California, Wajapani wakafuga lulu, bei zikaanguka, na mtumwa akageuka kuwa mdomo wa kulishwa. Wengi waliachwa huru kwa sababu hiyo kuliko kwa huruma.

Sasa rudi kwenye riwaya. Bwana wa Zarifa, tajiri Sulayman, anajulikana kama mfanyabiashara wa tende, na kitabu kinafichua kwamba tende zilikuwa pazia: nyuma yake alikuwa akiuza watu. Ni kisa kizuri, nacho kinaaminika. Lakini kwa kuzifanya tende pazia, Alharthi ameupunguza ukweli kidogo. Katika historia tende hazikuificha biashara ya watu. Tende ndizo zilizoila. Bwana aliyekuwa na shamba kubwa la mitende na asiwahi kuuza mtu hata mmoja alikuwa ndani ya jambo hili sawasawa na muuzaji. Riwaya inamwekea tajiri Sulayman siri ya aibu, na siri ya aibu ni ya mtu mmoja. Utumwa wa Batina na wa mabonde ya bara ulikuwa hauna siri. Ulikuwa ndio mwaka wenyewe, na mavuno yake.

Hilo ni lalamiko langu dogo. Kubwa linahusu msimulizi.

Sura nyingi za riwaya zinasimuliwa kwa nafsi ya tatu, fupifupi, zikiruka kutoka mhusika hadi mhusika. Anayepewa nafsi ya kwanza ni mmoja tu: Abdallah, mwana wa tajiri Sulayman, akiwa ndani ya ndege ielekeayo Frankfurt, baina ya usingizi na kumbukumbu. Mama yake alikufa yeye akiwa mchanga, na Zarifa ndiye aliyemlea. Harufu ya utoto wake ni ya Zarifa. Methali zinazojaa kinywani mwake amezipokea kwa Zarifa, kwani mwanamke huyu hasemi sentensi mbili bila methali ya tatu. Kwa hiyo Zarifa tunayemjua zaidi ni Zarifa wa kumbukumbu ya mtoto wa bwana, mnene, mcheshi, mwenye ulimi, mpishi hodari, mkubwa wa ngoma za mashetani. Tunampenda kwa sababu Abdallah anampenda. Na hapo ndipo shaka inapoingia.

Mbotela ni mtoto wa mtumwa anayesimulia utumwa wa baba yake. Abdallah ni mtoto wa bwana anayesimulia utumwa wa mlezi wake. Wote wawili wamezaliwa baada ya tukio, na kila mmoja ana deni linalomwelekeza. Deni la Mbotela ni kwa waliomkomboa baba yake, nalo linampeleka kwenye sifa. Deni la Abdallah ni kwa mwanamke aliyemnyonyesha mapenzi, nalo linampeleka kwenye majonzi. Sifa tumejifunza kuitilia shaka. Majonzi hatujajifunza, kwa kuwa yanapendeza. Lakini mtumwa anayekumbukwa kwa mapenzi na mtoto wa bwana bado anakumbukwa na mtoto wa bwana.

Natija hii si lazima iwe dosari ya Alharthi. Naona dalili kwamba anaijua. Anamweka Abdallah hewani, amefungwa mkanda kitini, hana pa kwenda. Ukumbukaji wake unazunguka palepale. Na nje ya sauti ya Abdallah ameweka watu wawili wanaokataa kusimuliwa hivyo. Wa kwanza ni Habib, mume wa Zarifa, ambaye hakutoka Afrika bali Makran, aliyeletwa mtoto pamoja na mama yake, na ambaye hakuacha kukumbuka kwamba walikuwa watu huru walioibwa. Anaitamka kauli hiyo usiku, kama mgonjwa, hadi siku anapotoweka. Wa pili ni mwanawe, Sanjar. Sheria ilipotangazwa, Sanjar anamwambia mama yake kwamba wao ni huru, kwamba tajiri hana tena haki juu yao, na kwamba anakwenda zake Kuwait. Zarifa anakasirika. Anamkumbusha kwamba tajiri ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamwoza mke. Mabishano yao ndiyo kilele cha kitabu kwangu mimi, kuliko ndoa yoyote ya wale dada.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa amekwisha kumkumbuka Kijakazi, yule mtumishi mzee katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi (1978), aliyempenda bwana wake kiasi cha kutoyaona maovu aliyotendewa. Shafi aliandika akiwa na mapinduzi nyuma yake na itikadi mkononi. Kwake mapenzi ya Kijakazi ni ugonjwa wa akili wa mtawaliwa, na kazi ya riwaya ni kuyaponya au kuyaomboleza. Hata jina lake limefanywa bango. Alharthi hamponyi Zarifa. Anaacha hasira yake isimame kama hoja. Ukitazama vizuri, Zarifa hasemi kwamba utumwa ni mwema. Anauliza, kwa maneno yake, karatasi ya serikali itampa nini badala ya alichokuwa nacho. Alichokuwa nacho ni nyumba aliyoiendesha, mtoto aliyemlea, watu waliomwogopa jikoni. Ni kidogo, ni cha kudhalilisha, na ni chake. Ukomeshaji wa utumwa, kila ulikofika pwani zetu, ulifika bila jibu la swali hilo. Unguja baada ya 1897 wengi hawakwenda mahakamani kuomba, na maofisa wakaandika kwamba watumwa wameridhika. Zarifa anatusaidia kuelewa kwamba kutokwenda si kuridhika. Kwenda kulimaanisha kuacha kaburi la mama, mti wa muhogo na wajoli wako, ukabaki na cheti.

Cheti ninachokisema si tamathali. Ubalozi wa Uingereza Maskati, kama zile za Bushehr, Bahrain na Sharjah, ulitoa hati za uhuru kwa watumwa waliotoroka wakaufikia. Maskati ilijulikana kwamba anayeukumbatia mlingoti wa bendera amekwisha kuomba hifadhi. Kabla ya kupewa hati, mtoro alitoa maelezo, karani akayaandika. Maelezo hayo kwa mamia yamehifadhiwa katika kumbukumbu za iliyokuwa Ofisi ya India, na sehemu kubwa sasa inasomeka bure katika Maktaba ya Kidijitali ya Qatar. Wanahistoria, Hopper na Jerzy Zdanowski miongoni mwao, wameyatumia kuhesabu umri, njia na bei. Wanafasihi hatujayagusa ipasavyo, na ni kosa letu, maana huu ni utanzu. Una muundo wake: jina, umri kwa kukisia, mahali pa kuzaliwa, namna ya kuibwa, aliyeiba, aliyenunua, aliyeuzwa tena kwake, mateso au njaa, kutoroka, ombi la hati. Hauzidi ukurasa mmoja. Mzungumzaji anasema "mimi" kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Hii ndiyo nafsi ya kwanza ambayo Zarifa hakupewa. Lakini angalia gharama yake. Aliyesema alisema Kiarabu cha Batina au Kibaluchi au Kiswahili. Karani akaandika Kiingereza cha ofisi. Kilichohifadhiwa ni kile tu kinachomsaidia balozi kuamua. Hakuna methali. Hakuna mpishi, hakuna ngoma, hakuna mtoto wa bwana aliyelala mapajani. Aliyempenda mtu katika nyumba ile hakuwa na sababu ya kulisema hilo mezani pa karani, kwa kuwa lingedhoofisha ombi. Kwa hiyo tuna aina mbili za maandishi: moja yenye "mimi" isiyo na maisha, nyingine yenye maisha yasiyo na "mimi". Riwaya ya Alharthi na maelezo ya Maskati yanahitajiana kama nusu mbili za kombe moja, na aliyesoma moja bila nyingine atadhani ameona kombe zima.

Kuna neno moja katika maelezo hayo linalonishughulisha. Wengi wanapoulizwa walizaliwa wapi, jibu lililoandikwa ni Sawahili. Hawataji Bagamoyo wala Malindi wala kijiji cha Wayao; waliibwa wadogo mno, au karani hakuwa na nafasi, au jina la kijiji halikuwa na maana Maskati. Sawahili, basi. Neno tulilolifanya jina la lugha, la ustaarabu, la majarida kama hili, huko ni jina la mahali ulipoibwa.

Hapa ndipo linapotuhusu sisi tuliomo Omani tukizungumza Kiswahili. Jumuiya yetu imeandika sana kuhusu mwaka 1964, na ina haki ya kuandika: watu waliuawa, nyumba zilitwaliwa, familia zilitawanyika, na baada ya 1970 wengi walipokewa hapa na kuitwa Wazanzibari hata kama walitoka Mwanza au Bujumbura. Kiswahili kikawa lugha ya uhamisho, ya ukumbi wa harusi Maskati na ya simu za Ijumaa kwa shangazi aliyebaki Ng'ambo. Lakini hatukuwa wa kwanza kukileta. Kilikwishafika kwa majahazi, kwa watu wasioulizwa. Ngoma ya laywa, inayochezwa pwani yote kuanzia Sur hadi Batina na ng'ambo ya Ghuba, imebeba maneno ya Kiswahili katika nyimbo zake kwa vizazi. Nimeshawahi kusimama kwenye harusi ya pwani hii, nikayaelewa maneno ya kiitikio ambayo waitikiaji walikuwa wakiyaitikia kwa sauti tu, hawajui maana yake. Kijana mmoja aliyekuwa jirani yangu aliniuliza nimejuaje. Nilimjibu kwamba ni lugha ya nyumbani. Aliniuliza: nyumbani kwa nani?

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani fasihi yetu ya uhamisho inalo. Katika tungo zetu za kumbukumbu, Unguja ya kabla ya mapinduzi ni karafuu, baraza na udi. Anayefua, anayechota maji na anayepanda mikarafuu huonekana kwa mbali, na mara nyingi anatabasamu. Yaani tunaikumbuka Unguja kama Abdallah anavyomkumbuka Zarifa. Tofauti ni kwamba Alharthi, Mwarabu wa Omani asiyetoka katika jumuiya yetu, amethubutu kumweka Sanjar mlangoni akikata shauri, na sisi wenye lugha ya Zarifa hatujathubutu. Tuna woga wa pande mbili. Upande mmoja, kila tunapotaja utumwa tunaona kivuli cha Mbotela na propaganda zilizotumika kuhalalisha mauaji ya 1964. Upande wa pili, hapa Omani suala la nasaba halijawa historia: neno "khadim" bado linatajwa kwa sauti ya chini posa inapoletwa. Ni woga unaoeleweka. Ila umeyaacha mambo haya kwa wanahistoria na hesabu zao.

Nawaza mara nyingi kuhusu tafsiri ya riwaya hii kwa Kiswahili, nami naamini ndiyo lugha inayoistahili kuliko Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili hakiwezi kujificha. Kiingereza kina neno moja la kumwita Zarifa, na neno hilo ni la jumla na la mbali. Mfasiri wa Kiswahili atalazimika kuchagua kila ukurasa. Akimwita mtumwa, atakuwa amemwita mwenye kutumwa, neno lililozaliwa tumbo moja na "mtume". Akimwita suria, sheria itaingia chumbani, kwa sababu suria aliyezaa na bwana wake ana haki ambazo Zarifa hakuzipata, naye aliozwa kwa mwingine. Akimwita mzalia, atakuwa sahihi kwa nasaba, maana alizaliwa utumwani hapohapo, na Kiarabu cha Omani kina neno pacha, muwallad. Akimwita hadimu, wasomaji wa Unguja watafikiria wenyeji wa Makunduchi, na wasomaji wa Omani watashtuka.

Nadhani atabaki na "mjakazi". Na hapo ataliona jambo ambalo halionekani katika Kiingereza. Msimulizi wa riwaya ni Abdallah, na kwa Kiarabu jina hilo linasema utumwa waziwazi, utumwa kwa Mungu. Kiswahili hatumwiti mtu wa namna hiyo mtumwa wa Mungu; tunamwita mja. Mjakazi ni mja wa kike. Kwa hiyo katika ukurasa wa Kiswahili, mtoto aliyefungwa mkanda ndani ya ndege na mwanamke aliyemlea watabeba shina moja la neno, yeye kwa heshima na yule kwa bei, na mfasiri hatakuwa na namna ya kuwatenganisha.